Siku Nilimuuliza Mukwe Wetu Kama Anazaa

Bon, wacha niseme mwenyewe, juu nikinyamaza mutasikia kwa mama Chola, mwenzangu wa sokoni, na yeye anaongezaga chumvi. Ni kweli: mimi Odette, mutu muzima, mwenye kuuza chisense (samaki wale wadogo wa kuanika) hapa Kashikishi kando ya ziwa tangu nivuke mupaka kutoka Pweto, nilisimama mbele ya wageni waliokuja kumuchumbia mudogo wangu Clarisse, nikamuuliza muchumba wake kama anaweza kuzaa. Mbele ya mujomba wake. Chakula kikiwa bado kinatoa moshi. Hata leo aibu ile ikinirudia nikiwa naanika samaki, mikono inasimama yenyewe.

Yote ilianzia kwa jirani. Nyumba ya pembeni yetu alipanga chumba kijana wa Lubumbashi, jina lake Théo, mwenye miwani, mupole, anasalimia kila mutu, na mimi sikumuamini tangu siku ya kwanza. Hakuwa anauza samaki, hakuwa pasta, hakuwa na bibi, na muchana kutwa alitembea akipiga picha maji machafu. Franchement, ni mutu gani mwenye akili anainama juu ya dimbwi nyuma ya soko, anachota na upawa murefu, anaangalia ndani, anamwaga, halafu anacheka peke yake? Watu walisema anafanya kazi ya malaria pamoja na watu wa afya kule Nchelenge. Mimi nikasema malaria tunayo tangu kuzaliwa, na haijawahi kuomba picha.

Sasa siku moja nilienda kwake kuchukua mbabula yangu, jiko langu la makaa, maana alikuwa ameiazima kupikia na hakuirudisha (ona, tabia hiyo). Nilifika mulangoni, mukono tayari juu kubisha, nikamusikia anaongea telefone kwa Swahili na mwenzake. Hapo njo nilikata lile shauri dogo lililoniua: badala ya kubisha, nilisimama kidogo.

"Kilwa iko muzuri," alikuwa anasema, maana yake kile kisiwa cha humu ziwani kwetu, "juu ni kisiwa, hakuna wengine watatoka nje kuja kutuharibia. Tunatuma wanaume tu, wale wenye bakteria. Wakikutana na wanawake wa pale, basi, hakuna watoto tena."

Mwenzake alikuwa anasikika sawa vile yuko mule ndani. Akauliza, "Na wanaume wakiwa kidogo?"

"Wakiwa kidogo hatufiki. Courbe inashuka, halafu inarudi juu, wanazaa sawa zamani. Lazima tutume wengi kupita wale tunawakuta, na turudie tena na tena, mpaka kizazi kiishe."

Mbabula niliiacha pale pale. Nilirudi kwangu mbio, juu courbe mimi nilijua ni kona ya barabara ya Mansa, lakini kizazi kuisha, hiyo nilielewa muzuri sana. Na muchumba wa Clarisse, Mulenga, ni mutu wa wapi? Wa kisiwa kile kile cha Kilwa. Nikaanza kuunganisha. Kwa nini kijana aliyekuwa na kazi yake Mansa aliamua gafla kurudi kisiwani? (Alikuwa ametuambia: baba yake aliugua, nyavu zilikosa mutu. Mimi sasa nikaona ni hadithi.) Halafu nikakumbuka nilimuona bandarini akimupakia Théo katika mutumbwi wake, wanacheka pamoja. Usiniambie hiyo ni bahati tu.

Nilimuambia mama Chola peke yake, nikamuomba asimuambie mutu, maana yake nilitangaza. Kabla jua kuzama, wanawake wa Kilwa waliokuja kuuza samaki walikuwa wanasimama vikundi vikundi, na mutu mwenye mutumbwi alikataa kumuvusha Théo, na Théo masikini anauliza kuna nini, na kila mutu anaangalia ziwa.

Jumamosi watu wa Mulenga wakafika. Walikuja na shibukombe, yule mutu wa kati anayeleta posa kwa desturi ya Wabemba, na mujomba wa Mulenga, ba Kapembwa ("ba" ni ya heshima), mutu murefu wa maneno machache, ambaye njo mwenye sauti katika ukoo wao. Clarisse alikuwa amepika tangu asubuhi. Alinivuta jikoni akaniambia pole pole, "Yaya," (njo vile tunaita dada mukubwa) "naona uso wako. Tafadhali, leo usiharibu." Nikamuambia siwezi kuharibu, mimi namulinda.

Shibukombe akaweka sahani ya posa mbele yetu, imefunikwa kitambaa cheupe. Kila mutu akaningojea niipokee, juu mimi njo mukubwa wa Clarisse hapa. Sikuipokea. Nilisema, "Mbele ya yote nina swali kwa Mulenga. Wewe unamujua Théo?"

Mulenga akashangaa. "Namujua, yaya. Nilimuvusha kisiwani mara nyingi."

"Alikupa dawa yoyote? Sindano?"

"Mimi nilipewa vidonge, lakini ile ni kliniki, nilikuwa na malaria."

(Munaona? Kwa mutu mwenye wasiwasi, hata vidonge vya malaria ni ushahidi.) Nikasimama. Nikasema, "Basi utuambie hapa, mbele ya mujomba wako, bakteria yao umebeba ao hapana? Na watoto unaweza kuzaa, ao tunamupa musichana wetu bure?"

Majirani, ambao mama Chola alikuwa amewakusanya nje ya dirisha, wakaanza kunung'unika, na mutu moja akaenda kumuleta Théo kwa nguvu, wamemushika mukono. Akaingia na ordinateur, kompyuta yake, kifuani. Nilirudia maneno yake yote, neno kwa neno, wanaume, bakteria, Kilwa, kizazi kuisha, na wakati ninaongea niliona uso wake unabadilika, kwanza hofu, halafu kitu kingine ambacho kingekuwa kicheko kama asingekuwa na adabu.

"Mama Odette," akasema, "ni mbu."

"Mbu nani?"

"Mbu. Mbu mwanaume haumi mutu. Ukimutia bakteria fulani na akakutana na mbu mwanamuke asiye nayo, mayai hayatoki kitu. Tukituma wengi, mbu wanapunguka, na malaria nayo."

Ba Kapembwa akauliza, bila kupandisha sauti, "Na hawa mbu wako wapi sasa?"

Théo akafungua ordinateur akaiweka pembeni ya sahani ya posa. Hapakuwa na mbu. Kulikuwa na ile courbe yake: mustari unapanda, unapinda, unashuka. "Hawapo bado," akasema. "Wako humu tu. Ni hesabu. Tunauliza hesabu mbele: tutume wangapi, wakati wa mvua ao wa jua, turudie kila lini. Hesabu ikikataa, hatutume. Hatujaachilia hata moja, na bila watu wa kisiwa kukubali hatutaachilia."

Nje mutu akacheka, halafu wote. Mimi pia nilitaka kucheka ili ipite. Lakini ba Kapembwa hakucheka. Alifunika sahani vizuri na kile kitambaa, akamupa shibukombe, akasema, "Twende." Mulenga alimuangalia Clarisse, akafuata. Walipotoka njo mama Chola, kwa mara ya kwanza akiwa hana chumvi, aliniambia kitu ambacho Kilwa yote wanajua: ba Kapembwa na bibi yake hawakujaliwa mutoto, na watu wamewasema miaka na miaka. Mzee alidhani ninasema ukoo wao hauzai.

Clarisse aliosha vyombo akinigeuzia mugongo, na vile kwa siku nyingi. Mwishoni nilimutafuta shibukombe mwenyewe, nikapanda mutumbwi na kuku mapajani, nikavuka kwenda Kilwa muchana kweupe, watu wote wakiniangalia. Nilipiga magoti mbele ya ba Kapembwa na bibi yake. Bibi yake njo alisema: "Wengine wanatusema nyuma. Wewe ulikuja kusema mbele, na ukarudi tena mbele. Simama. Lakini usimuulize tena mutoto wa mutu swali lile."

Posa ilirudi. Clarisse aliolewa, na siku ya ndoa aliniangalia kwa jicho moja tu mupaka nilipokaa chini bila swali. Théo naye alialikwa, lakini kazi yake Kilwa ilikuwa imekwama, juu nusu ya kisiwa walikuwa bado wanamuogopa, ikabidi mimi nitembee naye nyumba kwa nyumba kurudisha maneno niliyotawanya. Nilimuuliza njiani kama hesabu zake zilikuwa zimeona hatari hiyo. Akafikiri kweli, akajibu, "Niliweka mvua, joto, maji, mbu. Midomo ya watu sikuweka, mama."

Mimi bado ni mutu wa wasiwasi, sitawadanganya, nilizaliwa vile. Lakini nimeapa: kitu kikinitisha, naenda kwa mwenyewe, namuuliza uso kwa uso, hata nikionekana mujinga, maana aibu ya kuuliza inapoa upesi kupita chakula, na hii ingine, ya kusikiliza mulangoni bila kubisha, mimi ningali naila.