Mgonjwa Aliyevaa Kikoi

Mwenzenu wiki iliyopita nusura nihame Lamu kwa aibu. Mimi ni mkandaji, na nilikuwa nimeomba chuoni fedha za kuanzia utafiti, nijue kama kukandwa kwa mafuta ya simsim, pamoja na dawa za hospitali, kunasaidia magoti yanayouma. Siku ya mkaguzi wa chuo kuja kuamua kama nipewe, aliingia chumbani mwangu mzee mwenye kikoi, akichechemea. Nikajua mgonjwa huyo! Nikamlaza mkekani, nikamkanda, na mdomo wangu nao haukutulia.

"Bwana, leo anakuja mtu wa fedha. Akikuuliza, mwambie umepona kabisa."

Mzee akacheka. "Niliteleza gatini nikishuka mashuani, goti likaumia, suruali ikalowa, nikaazimwa kikoi. Mtu wa fedha ni mimi."

Mikono ikanifia gotini pake.

"Endelea kukanda, nimepata nafuu. Hilo la kupona kabisa ndilo tunalokupa fedha ukalichunguze."