Mpiganaji Mwenye Jina la Marehemu

Mkwe wa mjane mmoja, daktari wa meno ambaye mkono haumtetemeki kazini, akikaa kwenye mchezo wa mtandaoni huuma ulimi, hupandisha mabega, na jitu likichomoza tu hubonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Kazi ya mpiganaji anayemchezesha ni kusimama mbele apigwe yeye, wenzake wasalimike. Huyu hukimbia. Mama mkwe, aliyesimama nyuma ya kiti chake, angenyamaza, lakini mpiganaji amepewa jina la marehemu mumewe, ukoo na yote, na wachezaji wenzake, watu baki, wanalizomea spikani: “Mzee katoroka tena! Mwoga huyo!”

“Nilitaka kumuenzi, Mama.”

“Kumuenzi kwa mbio? Mume wangu hakumpa mtu kisogo. Simama upigwe!”

Mkwe akakiacha kitufe, mpiganaji akasimama. Jitu likamponda hadi akafa palepale, na mjane ndipo akaketi.