Binti Aliyebaki Mwambani

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tuliokula mahindi ya njano. Wenye umri wangu hawahitaji kuambiwa ni mwaka gani. Mtama ulikaukia shambani, uwele haukutoa hata suke la kumtupia kuku, tukapanga foleni kwa mahindi yaliyoletwa na meli kutoka ng'ambo. Ugali wake ulinuka gunia. Tuliula na mlenda mkavu, chumvi hakuna, na aliyebakiza hakuwepo.

Jioni hiyo, huku kwetu Mvumi, wanawake sita tulikuwa tunatwanga. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo, na nilikuwa na mdomo. Bibi yangu aliniachia hadithi ya binti aliyeingia ndani ya mwamba kuiomba mvua. Mvua inanyesha, watu wanakunywa, binti anabaki humo. Basi, imekwisha.

Mwanangu, ukishajua kuchekesha watu unakuwa kama mlevi. Jioni ile niliwasimulia, na nilipofika mwisho, mmoja akasema, "Aa, mtoe bwana!" Nikamtoa. Mwingine akasema, "Mwozeshe!" Nikamwozesha. "Na ng'ombe je?" Nikatoa ng'ombe arobaini, wote wana maziwa. Wakacheka mpaka mchi wa mmoja ukapiga ukingo wa kinu. Mimi nikajiona malkia.

Shangazi yangu peke yake ndiye aliyeacha kutwanga. Mwezi uliotangulia alikuwa amemzika binti yake Matika, rika langu. Matika alikuwa akimega ugali wake kwa siri na kuwapa wadogo zake. Tulikuja kujua alipokuwa hawezi tena kusimama. Wale wadogo walipona, na mmoja sasa ana wajukuu.

Shangazi aliuegemeza mchi ukutani, akaniuliza taratibu tu, "Kama huyo wako anatoka kirahisi hivyo, wangu amekosea nini hata asitoke?"

Akaenda zake. Tukamalizia kutwanga.

Sasa sikia kwa nini nimeyakumbuka haya. Mjukuu wangu Nyemo anakaa Makole, mjini. Yeye na wenzake wawili wametengeneza gemu la kwenye simu. Ndani yake kuna msichana mwenye mkuki anayezunguka nchi kama hii yetu, ila mawe yake yanasema na fisi wake wanapandwa kama punda. Hadithi ni zangu, na sauti inayosimulia ni yangu. Sehemu ya kwanza watu waliipenda mno, mpaka wakanitumia salamu watu nisiowajua.

Mwaka huu wakatoa nyongeza. Humo ndimo msichana anapoingia mwambani. Watu wakagawanyika. Nyemo alinisomea maneno yao, nami nikawa nachambua mboga. Mmoja ameandika, "Nimelia, nimempigia mama yangu simu." Mwingine, "Mmetuharibia! Nimemhangaikia miezi yote hiyo, halafu mnamfungia kwenye jiwe?" Mwingine anasema njia ya kufika mwambani ni ndefu mno, na maandishi ni madogo kama chawa. Mwingine, "Huyo bibi aharakishe, ananipa usingizi." Huyo sikumkasirikia. Hata babu yake Nyemo alikuwa anasinzia nikiongea.

Nyemo hakuja kunisomea tu. Alitoa kidude cha kunasia sauti, akakiweka mkekani.

"Bibi, maneno matatu tu. Sema, 'Naye binti akatoka.' Wenzangu wanasema nisiporudi nayo watatafuta bibi mwingine."

"Wamtafute. Mabibi wapo wengi, Dodoma nzima hii."

"Bibi, usinitanie. Nikirudi mikono mitupu, hii kazi itaendelea bila mimi."

Nikaona macho yake, nikajua hatanii. Nikamwambia, "Hatoki. Aliingia kwa ajili ya mvua, na mvua ilinyesha."

Akanuna. Nikampa uji, akaunywa huku amenuna. Ndipo nikamsimulia habari ya Matika, ambayo hata mama yake sikuwahi kumsimulia. Kidude hakukirudisha mkobani.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayetengeneza kitu kikaenda kwa watu, sikia. Watakaokuja na kelele usiwafukuze wote. Anayesema maandishi ni madogo, mkubalie, yakuze. Anayesema njia ni ndefu, ifupishe. Mimi mwenyewe nimemwambia Nyemo nitasimulia upya, niharakishe kidogo, maana kweli navuta maneno. Hayo ni ya kurekebisha na hayana aibu. Lakini kuna sehemu moja ambayo ukiitoa, kilichobaki ni kichekesho. Hiyo uijue kabla hujaanza, na usiiuze kwa sababu watu wamecheka, wala kwa sababu wamelia. Na kabla ya kumfurahisha anayepiga kelele, mwangalie aliyenyamaza. Mimi sikumwangalia. Shangazi hakukaa tena kwenye kinu nilichokuwapo mimi, mpaka nikaolewa nikaondoka.

Mungu akupe mikono isiyochoka na masikio yanayochagua. Mvua ikukute umeshapanda. Utakachokitengeneza kimfikie hata yule asiyekuandikia neno.

Nyemo alipokuwa anajiandaa kuondoka aliniuliza tena, mara ya mwisho, kidude kikiwa kimewaka mkononi mwake. Nikasogea karibu, ili wale wenzake wa Makole nao wanisikie vizuri.

"Hatoki. Aliingia kwa ajili ya mvua, na mvua ilinyesha."