Mlango wa Stellamaris

Redempta alikesha ameketi kitandani, simu mapajani, akisikiliza mvua. Kila radi ilipopiga upande wa Kisarawe aliona kama imempiga yeye. Binti yake Stellamaris alikuwa huko Marui, peke yake porini, ndani ya kontena. Walikubaliana kwamba kabla ya kulala atatoka nje apige simu, maana ndani ya chuma kile mtandao haushiki. Hakupiga.

Stellamaris alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana moja ya Kwala. Pale makontena yaliyochoka yalikatwa milango na madirisha, yakawekwa sponji ukutani kuzuia joto, yakapigwa mbao, yakawa vyumba vya wawindaji vya kuhamishwa kwa lori kila msimu. Karakana ilikuwa na desturi yake: aliyekata mlango ndiye anayelala humo usiku wa kwanza, hukohuko chumba kitakapokaa, aone panapovuja. Mafundi wanaume wote walishapitia. Zamu hii mlango ulikuwa wa Stellamaris, wa kwanza kuukata kwa mkono wake.

"Kwani lazima ulale wewe?" Redempta alimuuliza kabla ya safari.

"Mama, mwanaume akilala humo badala yangu, kesho wananirudisha kufagia vyuma."

Aliposhindwa kuizuia safari, Redempta alikwenda mwenyewe Kwala, akasimama mikono kiunoni mpaka dirisha likachomelewa nondo nene, simba asipate pa kupitisha mguu. Mafundi walimcheka. Yeye alirudi nyumbani Mlandizi roho imetulia kidogo.

Sasa kulipopambazuka alikuwa anagonga kwa Mwinyimadi, mwenye karakana, ambaye alitoka na mswaki mdomoni.

"Mama Stella, mtoto kalala tu. Mvua ile nani hakulala?"

"Mimi."

Mwinyimadi alimtazama macho yalivyovimba, akaingia ndani kuchukua funguo za kenta, lori lake dogo.

Barabara ya kwenda Mzenga, njia ya Marui, ilikuwa tope tupu. Gari liliteleza, likasota, likanyooka tena. Redempta aliuliza kama wamekaribia, akauliza tena.

"Ukiuliza mara nyingine nakupa usukani," Mwinyimadi alisema.

Walipofika, kontena lilikuwa limeinama. Kona ya nyuma ilikuwa imezama kwenye udongo uliolainishwa na mvua. Mlango umefungwa, nje hakuna mtu, hakuna hata alama ya mguu. Redempta aliruka chini gari halijasimama vizuri, akapiga ngumi kwenye chuma.

"Nani?" sauti ikatoka ndani, imekauka.

"Mama yako!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka humo!"

"Mlango umekataa. Tangu jana usiku, nilipotaka kutoka kukupigia."

Uso wake ukaonekana nyuma ya nondo, umelowa jasho. Mwinyimadi alizunguka kontena, akarudi akitikisa kichwa. Kona imezama, alisema, fremu imepinda ikaubana mlango. Redempta alizitazama nondo zile. Bila hizo, binti angekuwa ameshatoka dirishani zamani. Na ni yeye aliyezidai.

"Kata mlango, fundi!" alimwambia Mwinyimadi.

"Ukuta una sponji, mama," Stellamaris alijibu. "Cheche moja tu nimeiva."

"Basi kata nondo kwa msumeno wa mkono."

"Nene hizo," Mwinyimadi alisema. "Tutamaliza jua limeshamkausha."

Na jua lilikuwa limetoka. Redempta aliweka kiganja kwenye bati, akakitoa haraka.

Mwinyimadi alileta jeki. Ikazama kwenye tope. Wakang'oa ubao kwenye bodi ya kenta, Redempta akapiga magoti topeni kuushikilia, jeki ikapanda, ikateleza. Wakaanza upya. Katikati ya kazi Redempta alikimbia kumpitishia binti maji dirishani, akammwagia mengine usoni.

"Ukitoka humu, karakana basi. Umenisikia?"

"Ngoja nitoke kwanza, mama, ndiyo tugombane."

Jeki ikashika. Kontena likaguna, likanyanyuka kidogo.

"Taratibu, fundi!" Stellamaris alipaza sauti. "Naona mwanga juu ya bawaba. Ongeza. Ongeza tena. Hapo hapo!"

Akasukuma. Mlango haukutikisika. Redempta alikuwa ameubandikia sikio na mikono yote miwili.

"Mama, ondoka hapo. Unafungukia nje."

"Siondoki."

"Mama!"

Alisogea hatua moja tu. Bega likagonga kwa ndani, likagonga tena, chuma kikalia, na mlango ukafunguka wote. Stellamaris akatoka miguu peku, mama akamdaka. Lakini binti alikuwa ameshageuza shingo, anaukagua mlango upande wa bawaba, mkono ameunyoosha ajaribu kuufunga.

Redempta akaushika ule mkono kabla haujaufikia mlango, akaung'ang'ania.