Mahindi ya Pinki kwenye Meza ya Majira

Oktoba ya kwanza niliyofanya kazi katika shule ile ya chekechea mjini Nyeri, mkurugenzi alikata karatasi za rangi ya machungwa kwa umbo la majani, akazitawanya juu ya meza ndogo karibu na dirisha, akawaambia watoto kwamba huu ndio wakati majani yanapokauka na kuanguka. Nje ya dirisha hilo mvua ilikuwa imeanza wiki ileile, na hata nguzo za ua zilikuwa zinachipuka. Mimi nilikuwa nimeingia kukusanya vikombe vya uji. Nikavibeba, nikatoka. Kazi yangu ilikuwa jikoni.

Shule ilifuata mtindo wa Montessori. Mtoto huchagua kazi yake kwenye rafu, huibeba kwa sinia hadi kwenye mkeka wake, huifanya mpaka aridhike, kisha huirudisha mahali pake. Kuna kumimina maji kutoka jagi moja hadi jingine, kutenganisha maharagwe kwa rangi, kufuta majani ya mmea kwa kitambaa kibichi. Kila majira yana meza yake, na juu yake huwekwa vitu vya kushika na kunusa. Kanuni moja ilikuwa kubwa kuliko zote: mtoto akiwa kazini, mtu mzima hamkatizi. Hata kumsifu, husubiri amalize.

Siku nilipomwona mtoto wa miaka minne akitenganisha maharagwe huku mama yake akimpiga picha kutoka mlangoni, ilinibidi nirudi jikoni. Baba yetu alifariki nikiwa kidato cha pili, mama mwaka uliofuata, nami nikaacha shule. Nyuma yangu walikuwa watatu, na kitinda mimba wetu alikuwa na miaka minne. Nyumbani kwetu Wamagana, huko Tetu, yeye ndiye aliyechambua maharagwe, kwa sababu mimi nilikuwa nachuma majani chai ya watu na wale wengine wawili walikuwa shuleni. Alitoa mawe, akatoa yaliyooza, akaniachia mazuri kwenye ungo. Alipanda pia, mbegu mbili kila shimo, kina akikipima kwa kidole. Hakuna aliyempiga picha. Jirani mmoja aliniambia usoni, "Wewe unafanyisha mtoto kazi ya punda." Leo najua kuwa kazi ile ina jina zuri, na kuna wazazi wanaopanga foleni ili watoto wao waipate.

Mwaka wa pili, Madam, ndivyo tulivyomwita mkurugenzi, alilalamika mbele yangu kwamba watoto hawaigusi meza ya majira.

"Madam, hiyo meza haina kitu ya Nyeri," nikamwambia.

Alicheka. "Basi lete ya Nyeri tuone."

Nikaleta. Kwetu misimu ya mvua ina majina ya vyakula, mvua ya njahi, yale maharagwe meusi, inayoanza Machi, na mvua ya mwere, yaani uwele, inayoanza Oktoba, na kati yake kuna baridi ya gathano, wakati ukungu hukaa mpaka saa sita na mlima hauonekani wiki nzima. Mvua ya mwere nilileta matawi ya kahawa yenye matunda mekundu, watoto wakayachuma na kuyaminya mpaka mbegu zikawateleza vidoleni. Gathano nilileta njahi kavu kwenye maganda, tukazipiga kwa vijiti ndani ya gunia, tukazipepeta. Nilileta jani la nduma. Tone la maji hukimbia juu ya jani hilo bila kulilowesha, na kuna mtoto aliyekaa nalo asubuhi nzima na kijiko chake, akigoma hata kula.

Januari Madam akaniita. "Msaidizi wa darasa anaondoka Aprili. Muhula huu nitakuangalia. Ukiendelea hivi, hiyo nafasi ni yako."

Tangu nivue sare ya shule sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile. Jikoni watoto waliniita Anti. Darasani wangeniita Ticha.

Mpishi, mama mmoja wa Kiislamu mzaliwa wa hapo mjini, aliyenizidi umri mara mbili, hakuacha kunitania.

"Ticha wetu, ukishapanda cheo utakunywa huu uji wetu ama utaletewa chai ya maziwa?"

"Nitakunywa wenu, lakini nikiingia mtasimama."

"Tusimame na haya magoti? Mwanangu, utangoja sana."

Machi, mvua ya njahi ilipokaribia, nilimwambia Madam kwamba hayo ni majira ya kupanda na watoto wanaweza kuchambua mbegu. Nilipanga kuleta za nyumbani, zile tunazohifadhi juu ya jiko. Yeye hakungoja. Alizaliwa na kukulia Nairobi, na alikwenda mwenyewe kwenye duka la mbegu, akanunua pakiti ya mahindi kwa sababu rangi yake ilimpendeza.

Saa nne niliingia kuchukua vikombe. Masinia matatu yalikuwa juu ya mikeka: njahi nyeusi, maharagwe meupe, na mahindi ya pinki, yanayong'aa kama peremende. Mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu alikuwa akiyachota kwa kijiko, polepole, ulimi nje. Kijiko kikadondosha punje. Akaiokota, akaitia mdomoni.

Kila mtoto wa shambani Tetu anajua kwamba mbegu ya dukani imepakwa dawa ya wadudu, na kwamba rangi ile imewekwa ili mtu asiile. Ukimaliza kupanda unanawa kabla hujagusa hata pua. Zinazobaki hutupii kuku.

Nilipiga kelele. Nilimshika mtoto taya, nikaingiza kidole, nikaitoa punje. Sinia likapinduka, mahindi yakatapakaa darasa zima, mtoto akalia, na wengine wakaanza kulia kwa sababu yeye analia.

"Unafanya nini?" Madam alikuja mbio. "Hapa hatukatizi mtoto! Toka nje!"

"Madam, ni sumu. Angalia mikono yake."

Aliangalia. Viganja vilikuwa vya pinki, na midomo pia. Alikwenda kwenye kabati, akatoa pakiti, akasoma, na nikaona uso wake ukibadilika. Tuliwanawisha watoto wote. Yule mdogo alipelekwa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara, akachunguzwa, akarudi mchana akidai chakula.

Jioni Madam aliniita ofisini. Alinishukuru, sitasema hakunishukuru. Kisha akakunja mikono juu ya meza.

"Lakini ile namna. Umemwingizia mtoto kidole mdomoni. Umewatisha wote. Mtu aliyesomea hii kazi angeenda polepole, angepiga magoti, angeongea na yeye."

"Angeongea na yeye akiwa anameza?"

"Unaona? Hata sasa unanijibu kwa hasira."

Aliajiri msichana mwenye diploma. Nilipomweleza mpishi, aliweka kisu chini, akasema, "Kwa hivyo ungepiga magoti, umwambie: samahani bwana mdogo, hiyo sumu yako imekolea ladha?" Tulicheka mpaka tukashika meza. Baada ya hapo nililia, naye akaendelea kukata sukuma wiki kama hanioni, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Msichana mwenyewe hakuwa mbaya. Alizijua kanuni zote. Alichokosa ni kujua njahi huvunwa lini, na kahawa huiva kwanza upande gani wa Nyeri. Wiki ya pili ya muhula mpya Madam aliniita tena, akanipa daftari jipya na kalamu.

"Nataka uandike yale mambo yako ya majira, mwezi kwa mwezi. Cha kuleta, cha kufanya na watoto hapa, cha wazazi kufanya nyumbani. Yeye atafuata."

Nilikuwa nayo yote kichwani, tangu mvua ya njahi hadi ya mwere. Ningelijaza daftari lile kwa siku mbili. Nikalirudisha juu ya meza yake.

"Madam, mimi kuandika sijui vizuri. Si unajua niliacha shule."

Nilidhani atabisha. Kila Jumatatu alisoma ratiba ya chakula cha wiki kwenye mlango wa jikoni, na aliyeiandika ni mimi, mistari iliyonyooka, bila kosa hata moja. Nilidhani atanicheka, aseme, "Wacha mchezo." Lakini alitikisa kichwa kwa huruma, palepale, akalivuta daftari upande wake.

"Pole," akasema. "Sikufikiria hilo. Basi utamweleza kwa mdomo."

"Niko na uji motoni," nikamwambia, nikatoka.