Pikapu Juu ya Mawe

Oili ya gari ikishatumika huwa na harufu yake. Oili mpya ni tamu kidogo puani, lakini ya zamani inanuka moshi, chuma na vumbi, na ikikuingia kwenye kucha haitoki hata kwa sabuni ya mche. Juzi nikitoka kazini nilipita kando ya gereji moja pale Ruiru, fundi akiwa anamwaga oili chafu kwenye mtungi uliokatwa nusu, na harufu ile ikanisimamisha. Mwenzangu aliniuliza nimesahau nini. Nikamwambia sijasahau kitu, tuendelee. Yeye sikumweleza, lakini ninyi nitawasimulia.

Tulikuwa tunakaa Witeithie, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mimi na mdogo wangu Wafula na wazazi wetu, waliokuwa wametoka upande wa Bungoma kutafuta kazi kabla hatujazaliwa. Mama alishona sare za shule kwenye karakana moja mjini Thika. Baba alikuwa na pikapu nyeupe, kuukuu, aliyoitumia kukusanya mayai kwa wafugaji wa kuku pale kwetu na kuyapeleka kwenye hoteli na maduka ya Thika. Aliendesha polepole mno kwa ajili ya mzigo wake, hata watu wa stendi wakambandika jina la Mzee wa Mayai, ingawa hakuwa mzee.

Nikiwa na miaka kumi na moja Baba aliugua, na haukupita muda mrefu akafa. Tukamzika nyumbani. Nayakumbuka mazishi yale kama mtu anavyokumbuka jambo aliloliona kupitia dirisha la basi: masufuria makubwa, turubai la bluu, akina mama wakiimba, Baba Mdogo, yaani ndugu yake Baba, akiongea kwenye kipaza sauti. Shangazi alininong'oneza, "Lia, mama, lia. Watu wanakuangalia." Nikajaribu. Nilikunja uso, nikafumba macho, nikasubiri. Hakuna kilichokuja. Unajua mguu ukiulalia vibaya, ukiamka unaugusa na hausikii? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Mama naye hakulia mbele yetu. Tuliporudi Witeithie aliifunika pikapu kwa turubai, akarudi kwenye cherehani yake, na jioni akatupikia ugali na sukuma kama kawaida, ila chumvi alikuwa akiisahau. Hakuna aliyemwambia. Tulikula tu. Kuku wa mwenye ploti akaanza kutaga chini ya ile pikapu, kana kwamba naye alijua kazi yake ni kubeba mayai.

Kisha Jumapili moja Mama alitoka kanisani, akavaa ovaroli ya Baba, akaikunja miguuni, akaenda kumgongea jirani yetu Baba Shiko. Huyu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Gatanga, mnene na mwingi wa vicheko, na alikuwa rafiki yake Baba.

"Baba Shiko, nataka unifundishe gari."

"Si una leseni, Mama Nasimiyu? Marehemu alikusomesha driving hapo Thika."

"Kuendesha najua. Nataka kujua kuitunza. Vitu vyote yeye alikuwa anafanya."

Baba Shiko aliacha kutabasamu. Akanitazama mimi niliyesimama nyuma ya Mama. "Na huyu?"

"Huyu atajifunza na mimi. Ako na mikono midogo."

Basi Jumapili zetu zikawa za pikapu. Mama Shiko alileta kigoda chake akakaa hapo hapo karibu na gari akichagua maharagwe mchana kutwa, na kwa kigoda hicho akafunga midomo ya ploti nzima. Mumewe alitufundisha kuvuta kijiti cha oili asubuhi injini ikiwa baridi, kukipangusa, kukirudisha, kukivuta tena ndipo ukisome. Alitufundisha kutofungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. "Itakutemea usoni," alisema, "na uso hauna spea." Ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri tuliuosha kwa maji ya moto yenye magadi, tukapaka grisi. Alipotaka utazame kitu alisema "angaria," na mimi na Wafula tukawa tunaambiana "angaria" usiku mzima chini ya blanketi. Alikuwa na misemo yake pia. "Gari ni kama ng'ombe. Ukingoja ilie, umechelewa." Na nyingine: "Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipoziba rejeta utajenga injini."

Siwezi kuwadanganya kwamba nilifurahia. Nilikuwa nafanya tu. Niliitazama mikono yangu ikifungua na kufunga vitu kama mikono ya mtoto wa jirani. Lakini kazi ile ilikuwa na mwanzo na mwisho, na nikiwa katikati yake hakuna aliyeniuliza kama ninajisikia vizuri.

Siku ya matairi Baba Shiko alipitisha kiganja kwenye yale mawili ya mbele, kisha akakipitisha kwenye kichwa chake mwenyewe. "Hizi ni kipara kama mimi. Mvua ikikupata nazo hapo superhighway, mayai yote yatakuwa kimanda." Mpya hatungeweza. Akamwelekeza Mama aende Kamakis, kwenye barabara ya bypass, atafute za mtumba, na akatufundisha namna ya kuzichagua. "Usiamini tairi inayong'aa. Hiyo imepakwa dawa. Tafuta ile chafu kidogo, halafu uisome."

Jumamosi iliyofuata Mama alituamsha mapema. Baba Shiko alikuwa safarini Malaba, nami nikashangaa kwamba hatukumngoja. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukalegeza nati za gurudumu la mbele la kulia, tukapiga jeki, tukalitoa, na upande ule tukaukalisha juu ya mawe ya kujengea. Kisha tukahamia kushoto, na hapo nati zikakataa kabisa. Mama alivuta spana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Tukiwa katika hali hiyo, gari dogo la kijivu liliingia kwenye ploti. Akashuka Baba Mdogo, amevaa suti, na kijana mmoja dereva. Baba Mdogo alifanya kazi ofisini Nairobi, na hata akiomba chumvi alisema kama bado ameshika kile kipaza sauti.

"Mulamwa," akaanza. Kwetu ndivyo mtu anavyomwita mke wa ndugu yake. "Habari ya hapa?"

"Nzuri, shemeji. Karibuni."

Aliitazama pikapu iliyoinama upande mmoja kama kuku aliyevunjika mguu. "Hii gari imekufa?"

"Inabadilishwa tairi."

"Tulikubaliana kule nyumbani isikae hapa ikioza. Nimekuja na kijana wa kuipeleka."

"Nyinyi ndio mlikubaliana," Mama alisema bila kuinua sauti. "Mimi nilikuwa nimekaa chini, nimefunikwa leso. Hakuna mtu aliniuliza."

Baba Mdogo alikohoa. "Na watoto je?"

"Watoto wana shule Jumatatu."

Nilidhani anatujulia hali.

Yule kijana alijongea. "Mathe, leta nikusaidie hiyo spana."

"Acha," Mama alisema. Akachukua kipande cha bomba la maji, akakichomeka kwenye mpini wa spana ili urefuke, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akanishika bega, akaruka. Mara ya kwanza hakuna kitu. Akaruka tena, na nati ikaachia kwa mlio mkali uliomtoa kuku chini ya gari akipiga kelele. Akaimalizia kwa vidole. Kwa kuwa Baba Mdogo ndiye aliyekuwa karibu, akamwekea mkononi. "Shika, shemeji. Zisipotee."

Akapokea. Ikaja ya pili, ya tatu. Mama akawa anaruka, anafungua, anampa, na Baba Mdogo amekinga viganja vyote viwili mbele ya suti yake, hajui azipeleke wapi.

"Ndugu yako alikuwa na mkono," Mama alisema akiwa ameinamia nati ya mwisho. "Hizi alikaza mwenyewe, Ijumaa kabla alazwe. Hakuna mtu mwingine amezigusa."

Baba Mdogo akazitazama zile nati. Grisi ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja vyake. Alifungua mdomo, na mtu yule aliyehutubia mazishi toka mwanzo hadi mwisho hakupata neno. Akakaa juu ya gurudumu tulilokuwa tumeling'oa, suti na yote, akalia kwa sauti. Kijana dereva alienda kusimama getini. Wafula akaleta maji kwenye kikombe. Mimi nilimtazama jinsi machozi yanavyomshuka, nikayafuata kwa macho kama mtu anayetazama maji ya mvua kwenye kioo, nikasubiri nami nisikie kitu. Nilisikia njaa.

Mama hakumkataza wala hakumbembeleza. Alipiga jeki, akalitoa gurudumu, akaukalisha upande wa pili juu ya mawe. Alipomaliza akapangusa mikono. "Ukiwa tayari, shemeji, tupeleke Kamakis. Tuna tairi za kununua."

Hivyo magurudumu yetu yakapakiwa kwenye buti ya gari lililokuwa limemleta mtu wa kutunyang'anya pikapu, na Baba Mdogo akatuendesha mpaka kule.

Kamakis saa ile nyama zilikuwa zimeshaanza kuchomwa, na moshi wa mafuta ulichanganyika na harufu ya mpira. Muuza tairi alitupokea kwa bashasha. "Mathe, sasa! Angalia hizi. Ni ex-Japan, bado mpya." Zilikuwa nyeusi zinametameta kama viatu vya Jumapili. Baba Mdogo akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hizi ni nzuri."

Mama alichuchumaa, akaanza kuzisoma. Pembeni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kijiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akazipata. Akaukunja mpira kwa vidole gumba, na nyufa nyembamba zikajitokeza kama za kisigino. Mimi nikaingiza mkono wangu mdogo ndani, nikapapasa polepole kama tulivyofundishwa, nikagusa uvimbe.

"Mama, kuna kiraka huku. Pembeni."

"Kijana," Mama akamwambia muuzaji, "hii tairi ni mzee kushinda huyu mtoto, na pembeni imeshonwa."

Yule kijana akacheka, hakukasirika. "Mathe, kwani wewe ni fundi?"

Mama akainuka, akapangusa vidole. "Mimi ndio mwenye gari," akasema.

Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka hilo. Muuzaji akaingia nyuma, akatoka na mbili nyingine za saizi yetu, zimejaa vumbi, meno yake bado marefu, ndani safi. Tukazisoma, zikatupendeza, Mama akalipa, zikafungwa kwenye rimu na kujazwa upepo.

Tulirudi Witeithie jua likiwa utosini. Nati nilizirudisha mimi, nikikaza moja na kurukia ile inayotazamana nayo, na Baba Mdogo akinipa mojamoja kutoka kwenye kitambaa chake cha mfukoni. Tukaishusha pikapu, Mama akamalizia kuzikaza kwa nguvu zake. Akapima oili, akapima maji. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka. Akampandisha Baba Mdogo mbele, sisi tukapanda nyuma, tukaenda mpaka Juja na kurudi, polepole, ingawa hatukuwa na yai hata moja.

Baba Mdogo aliposhuka alimshika Mama mkono kwa mikono yake miwili. "Nitawaambia nyumbani gari inatumika," alisema. Akaondoka na kijana wake.

Mwezi haukuisha, Mama akaanza kupeleka mayai. Cherehani aliiacha baadaye, wateja wa Baba waliporudi mmojammoja. Kwa mayai hayo mimi na Wafula tulisoma mpaka tukamaliza, na ile pikapu tuliihudumia wenyewe, hadi bodi yake ilipoliwa na kutu na hapakuwa na kitu cha kushika.

Miaka mingi nilimhukumu Mama kimoyomoyo. Nilidhani siku ile hakusikia kitu, kama mimi. Nilidhani pia kwamba kisa chote kilikuwa cha gari. Nilijua ukweli nikiwa mtu mzima, nilipopeleka gari langu la kwanza nyumbani akalione. Tulikuwa tumechuchumaa pamoja tukipima upepo wa tairi, nami nikamuuliza kwa nini ile Jumamosi hakumngoja Baba Shiko.

"Shangazi yako alinipigia simu Ijumaa jioni," alisema. "Akaniambia wanakuja kuchukua gari. Na shule zikifunga, wewe uende kwa Baba Mdogo, Wafula aende kwa nyanya yenu. Walikuwa wameshaamua. Mjane bila kazi ya maana atalea watoto na nini huku mjini? Gari ingeenda, na nyinyi mngefuata."

Nikaacha kupima upepo.

"Singeweza kubishana na ukoo mzima, Nasimiyu. Maneno sikuwa nayo. Hata machozi sikuwa nayo. Nilikuwa na jeki."

Akasimama, akashika kiuno, akaenda tairi ya nyuma. Mimi nikabaki nimechuchumaa pale. Asubuhi ile niliyokuwa nikimpa Mama mawe aitegemeze pikapu, nilidhani tunabadilisha tairi. Kumbe mimi na Wafula ndio tuliokuwa tukizuiliwa tusiondoke.