Polishi ya Mishumaa ya Makaburini

Juzi mwalimu wa chekechea anayemfundisha binti yangu alitukusanya wazazi getini, hapa Miyuji, Dodoma, akatuagiza kila mmoja akakande unga wa kuchezea nyumbani kwake. Unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo, na rangi yoyote isiyodhuru. "Waacheni wachafuke," akasema, "mtoto anajifunza kwa mikono." Nikaitikia kwa heshima zote huku moyoni nacheka, maana sisi tulichafuka bila kuagizwa na mtu. Nikaenda nikabandika sufuria, nikatia rangi nyekundu, nikakoroga. Donge lilipoanza kushikana nikajikuta nimegeuka kuangalia nyuma yangu, nikidhani kuna mtu amesogea aone. Hapakuwa na mtu. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka unga ukaanza kuungua chini.

Tulikuwa tunakaa Kikuyu, mtaa wa hapa hapa mjini, kwenye nyumba za kota za serikali, miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa ghafla. Kama ni wa rika langu unakumbuka: watu walikuwa wametoka juzi tu kwenye foleni za kipande cha sabuni, mara sabuni za kila rangi na kila harufu zimejipanga rafuni zinakutazama. Vitu vilikuja, ila kwetu vilikuja mshahara umeshaondoka. Baba alikuwa karani serikalini, wakapunguza wafanyakazi, naye akawemo. Akabaki na baiskeli yake na shati la ofisini, ambalo alilipiga pasi hata siku asiyokuwa na pa kwenda. Tukaambiwa mwaka ukiisha nyumba tuiachie.

Mama hakulia mbele yetu. Alianza kutengeneza vitu. Dawa ya meno ikawa mkaa uliosagwa na chumvi, kwa hiyo kila asubuhi tulikuwa na vinywa vyeusi kama tumekula wino. Gundi ya madaftari ikawa uji mzito wa unga wa ngano. Vumbi la mkaa lililobaki chini ya gunia halikutupwa, lilikandwa na udongo na maji, likafinyangwa madonge na kuanikwa juani kwa ajili ya kupikia maharage. Kazi hiyo ya kufinyanga ilikuwa yetu watoto, na mimi na mdogo wangu wa kike tuliifanya kwa moyo wote, tukachafuka mpaka masikioni. Mama alitutazama akatikisa kichwa. "Nyie nikiwaanika na nyie mtawaka," alisema.

Lakini kitu kilichompa mama jina mtaa mzima ni polishi ya sakafu. Kota zile zilikuwa na sakafu za saruji nyekundu, na mama wa nyumbani alipimwa kwa sakafu yake. Polishi ya dukani ilikuwepo, nzuri, ndani ya kopo lenye picha, ila si ya mtu aliyepunguzwa kazi. Mama aliyeyusha vipande vya mishumaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaliepua na kulipeleka mbali kabisa na jiko, kule kwenye kivuli cha mpapai, ndipo akamimina mafuta ya taa na ile rangi nyekundu ya unga, akakoroga kwa kijiti. Sisi kazi yetu ilikuwa kutoa mchanga na tambi kwenye nta. Na nta ya vuguvugu, kabla haijatiwa mafuta ya taa, ni kitu kitamu sana mkononi. Tulifinyanga ng'ombe, tukawafanyia pembe, tukawafanyia mchungaji asiye na miguu. Hata leo nikipita mahali pananukia mafuta ya taa nasikia njaa, maana harufu ile ilikuwa ya mchana, na mchana ulikuwa na maharage.

Polishi ikishapakwa na kukauka, tulisugua kwa kumbi la nazi, mguu mmoja juu ya kumbi, mmoja unasukuma. Halafu ndipo mchezo wenyewe. Mama alikunja gunia, mtoto mmoja anakaa juu, mwingine anashika pembe mbili na kumvuta chumba kizima, huku na huku, mpaka sakafu ing'ae uone meno yako. Ni mchezo, na ni kazi. Mama alikuwa na akili hizo.

Sasa nikwambie kuhusu chumba cha watoto. Vyumba vyote vya nyumba ile viling'aa isipokuwa hicho. Zamani nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, anayenifuata mimi. Yeye ndiye aliyekuwa abiria wangu wa kwanza kwenye gunia, hata kabla baba hajapunguzwa kazi. Alikaa mbele kabisa, magoti kifuani, akaacha nafasi nyuma yake, na ukimuuliza kwa nini anasema, "Nyuma ni pa mtoto mwingine." Mdogo wetu wa kike wakati huo alikuwa bado ananyonya. Msimu mmoja wa mvua degedege lilimshika yule wa kiume asubuhi, na mchana wake baba alirudi kutoka hospitali anasukuma baiskeli, hajaipanda. Mama alifunga kile chumba, akaweka ufunguo kwenye pindo la kanga, na jina la yule mtoto halikutoka tena mdomoni mwake. Mimi na mdogo wangu wa kike tukawa tunalala sebuleni. Ukichungulia tundu la kitasa uliona sakafu imekuwa ya kijivu, na dirishani ng'ombe wake wa udongo wamesimama vile vile alivyowapanga.

Mwaka ule wa kuhama baba alijaribu. Sikuwahi kumsikia akisema na mama kwa upole kama siku ile. "Mama watoto, nyumba tunaiacha. Hatuwezi kuhama na chumba kimefungwa." Mama aliendelea kuchambua mchele. "Basi nyie hameni," akajibu. Hakusema kwa ugomvi, na hilo ndilo lililotutisha. Niliogopa kweli kwamba siku ya kuhama itafika, sisi tutapanda gari na vyombo, naye atabaki mle ndani.

Ikafika siku ya kuwaombea marehemu. Unaijua Dodoma mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua: upepo unabeba vumbi, mabati, na nguo za watu kamba nzima. Watu waliwasha mishumaa makaburini, wakasali, na kabla hawajafika barabarani upepo ulikuwa umeshaizima yote. Ilibaki mizima mizima, imesimama kwenye mchanga. Ndiyo maana katekista alimruhusu mama, baada ya siku chache, kutuma watoto wakaiokote. Jirani yetu, mama wa Kitanga mpiga chapa wa ofisi moja, ambaye dini yake haikumpeleka kwenye makaburi yale lakini polishi alinunua, alikuwa akimtania mama: "Shoga, sakafu yangu inang'aa kwa rehema za Wakatoliki."

Kwenye kaburi la mdogo wetu mama hakuweka mshumaa wa dukani. Alimtengenezea mwenyewe. Alimimina nta ndani ya bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi katikati, na utambi akausokota kwa pamba kwa vidole vyake, mnene. Kwa kuwa kopo lilikuwa limeshakunywa rangi, ule mshumaa ulitoka wa waridi. Katika makaburi yote ndio ulikuwa peke yake wenye rangi.

Siku ya kuokota tulikwenda na baba. Mama alitusindikiza mpaka mlangoni, akarudia mara mbili, "Wa kwetu msiuguse." Mimi niliokota upande wa kanisa. Baba alikaa chini karibu na kaburi la mwanawe, kofia mkononi. Mdogo wangu wa kike, ambaye hata kuhesabu vidole alikuwa hajamaliza, alizungukazunguka na kikapu chake. Tukarudi, vikapu vikamwagwa ndani ya kopo, kopo likakaa motoni.

Nta ilipoyeyuka mama alianza kutoa tambi kwa kijiti. Akatoa nyembamba, nyembamba, nyembamba. Halafu akainua moja nene, iliyosokotwa kwa mkono, ikidondosha nta. Aliitazama. Nilimwona akikaa chini taratibu pale pale kwenye mavumbi, kijiti bado kakishika juu.

"Nani kauchukua huu?" akauliza, sauti ndogo.

"Mimi," akasema mdogo wangu bila wasiwasi. "Nimepewa."

"Umepewa na nani?"

"Nimepewa."

Mimi si mtu wa mapepo, na watoto wa umri ule kila walichochukua huwa wamepewa, hata sukari. Lakini baba, aliyekuwa akifunga mnyororo wa baiskeli, aliacha alichokuwa akifanya. "Nilimwona ameushika," akasema. "Nikamwacha. Kwa jinsi alivyokuwa amenyoosha mikono, na mimi nikadhani amepewa."

Kopo lilikuwa limejaa. Mama hakuweza kuiuza ile nta na hakuweza kuimwaga. Aliiepua, akaiacha igande, na kesho yake ilikuwa bado pale chini ya mpapai, imefunikwa sinia. Jirani wa Kitanga alikuja na kopo lake tupu, akamkuta mama amekaa pembeni ya ile nta kana kwamba anauguza mtu. Mama akamweleza. Yule mama hakucheka. Alikunja kanga yake, akakaa naye chini.

"Usimwage, mwaya," akasema. "Ukishamwaga hapo mahali utapakanyagaje? Na kuuza, mtoto hauzwi. Mpelekee mwenyewe chumbani kwake, basi. Si chake?"

Mama aliinuka. Aliwasha jiko upya. Akayeyusha, akaepua, akapeleka mbali, akatia mafuta ya taa, akatia rangi, akakoroga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilipopoa alifungua pindo la kanga.

Mlango ulikuwa mgumu, baba akausukuma kwa bega. Hewa iliyotoka haikuwa mbaya kama nilivyoogopa, ilinukia vumbi na nguo za pamba. Mama alifagia. Aliwahamisha ng'ombe wa udongo mmoja mmoja, akawaweka ndani ya kanga. Kisha akapiga magoti, akaanza kupaka polishi kutoka kona ya mbali, kwa mkono, bila kitambaa, na sisi tukaruhusiwa kupaka naye. Tulipaka kwa viganja na kwa visigino. Mdogo wangu aliteleza akakaa, akawa mwekundu nusu nzima, na mama badala ya kugomba alimfuta pua akamwachia pua nyekundu. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hofu, vyote kwa pamoja.

Baadaye, sakafu ilipokauka, mama alikunja gunia. Mdogo wangu akapanda. Nikashika pembe mbili, nikavuta, gunia halikuja. Nikavuta tena. Likaja kidogo, zito.

"Mama, zito."

"Polishi bado mbichi," mama akasema. Inawezekana. Nta nyingi ikipakwa nene hung'ang'ania, nimeshaliona hilo mara nyingi baadaye. Akashika pembe moja, mimi nikashika nyingine, tukavuta pamoja hatua chache. Mama akasimama. Akaligeukia gunia, na mimi nikageuka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa mbele kabisa, magoti kifuani. Nyuma yake ameacha nafasi. Hakuna mtu aliyemfundisha kukaa vile.

Mama alitazama ile nafasi. Nikajua sasa atafunga mlango, na safari hii atakuwa yeye ndani. Badala yake akataja jina la mdogo wangu wa kiume, wazi kabisa, kama anavyoitwa mtoto aliye chumba hicho hicho. Akamwambia: "Mshike vizuri mwenzako, asianguke."

Tukavuta. Tulivuta mpaka jua likahama dirishani, mama analia na hajifuti, mdogo wangu anapiga kelele za raha, gunia likiwa zito mpaka mwisho. Bega langu liliuma siku mbili, na sikutaka liache kuuma.

Tulihama mwaka ulipoisha. Waliotufuata walikuwa watu wa kutoka Chemba, vijana, mke amebeba mtoto mgongoni, mzigo wao mmoja tu. Mama aliwapa ufunguo wa mlango wa mbele, akawaonyesha bomba linalovuja, akamaliza. Alikuwa ameshafika kwenye gari alipogeuka akarudi mpaka kwa yule mwanamke.

"Mwanangu," akamwambia, "kile chumba cha pembeni msikifunge. Mlaze mtoto humo."

"Haya, mama," yule binti akaitikia, akapiga goti kidogo kwa adabu. Mama akapanda gari, hakuangalia nyuma tena.

Kota zile zimevunjwa. Wameinua jengo la vioo, na mara moja nilipokwenda kufuatilia jambo langu mle ndani nilijaribu kukisia chumba kilikuwa wapi, nikashindwa, sakafu zote ni vigae vyeupe na lifti inapita katikati. Polishi ya kukoroga hakuna anayeijua. Makaburini watu wanaweka taa za betri ambazo upepo hauwezi kuzizima. Picha ya mdogo wangu hatukuwahi kuwa nayo, na sura yake, nakwambia ukweli unaoniuma, imenitoka.

Ila namfikiria yule mtoto wa mgongoni. Sasa ni mtu mzima, pengine yuko humu humu mjini, pengine tumepishana sokoni. Natamani siku moja nimpate, nimsalimie, nimuulize jambo moja tu: utotoni, katika kile chumba cha pembeni, alikuwa akicheza na nani.